Umerithi hela na uko kwenye Universal Credit? Soma hii kabla hujagawa hata senti

Simu ikipigwa kwamba shangazi kafariki na kakuachia kitu kwenye wosia, akili haiendi kwenye benefiti (hela za msaada wa serikali), inaenda kwenye msiba, na ndivyo inavyotakiwa. Ila miezi ikipita hela ikaanza kunukia, hapo ndipo wengi wetu tunaoishi huku Uingereza tunapoteleza, na kosa lenyewe mara nyingi si kuficha, ni kugawa. Mtu anapokea hela anawakatia wadogo zake kama tulivyolelewa, anabaki na kidogo, halafu DWP (wizara inayolipa benefiti) wanamwandikia kwamba kwa macho yao bado anazo zote. Hilo nitalikalia sana huko chini. Mi si mwanasheria, nimekaa tu na watu wengi tukijaza makaratasi, na haya ndiyo ninayowaambia kila mara.

Hatua ya 1: Jua unapokea benefiti gani hasa

Usicheke, watu wengi hawajui. Unamuuliza mtu uko kwenye nini anakwambia "mi nalipwa na jobcentre", basi. Toa barua au fungua akaunti yako ya mtandaoni usome jina la benefiti, manake kuna zinazochungulia akiba yako na kuna ambazo hazina habari nayo hata urithi jumba zima.

Zisizojali akiba ni PIP (ya wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu), DLA ya mtoto mwenye ulemavu, Attendance Allowance (ya wazee wanaohitaji kusaidiwa), Carer's Allowance (ya anayemhudumia mgonjwa au mlemavu), Child Benefit, pensheni ya serikali, pamoja na New Style JSA (ya asiye na kazi) na New Style ESA (ya asiyeweza kufanya kazi kwa ugonjwa) zinazotokana na michango ya National Insurance, yaani bima ya taifa. Wa Scotland walio kwenye Adult Disability Payment, ambayo huko ndiyo badala ya PIP, nao ni hivyohivyo. Kama unapokea hizo tu basi huna shida, mwongozo huu umpelekee mwenzio.

Zinazojali ni Universal Credit (UC, ya wenye kipato kidogo au wasio na kazi), Housing Benefit (ya kusaidia kodi ya nyumba), Pension Credit (ya wazee wenye kipato kidogo), na punguzo la kodi ya kaunsili, ambalo kwa watu ambao hawajafika umri wa pensheni huku England kila kaunsili ina masharti yake kwa hiyo usichukue jibu la jirani wa mji mwingine.

Wengi wana mchanganyiko, mfano UC na PIP pamoja. Hapo PIP inabaki palepale, UC ndiyo inaguswa. Kuna mama mmoja alikuwa anataka kuukataa urithi wa kaka yake kabisa akiogopa kunyang'anywa PIP ambayo wala haihusiki! Na kuukataa urithi kwenyewe kungemletea balaa, tutafika huko.

Hatua ya 2: Jua hela inaanza kuhesabiwa siku gani

Haihesabiwi siku ya kifo wala siku mliyosomewa wosia. Mtu akifa mali yake inashikwa na msimamizi wa mirathi, anaomba kibali, analipa gharama za mazishi na madeni ya marehemu na kodi kama ipo, kinachobaki ndo kinagawiwa. Kwa desturi ya sheria za England msimamizi anapewa mwaka mzima wa kumaliza hiyo kazi kabla watu hawajaanza kumkalia kooni, na penye nyumba ya kuuzwa mara nyingi inazidi. Muda wote huo wewe huna hela, una haki ya kuja kuipata, na kwa kawaida hiyo haihesabiwi kama akiba. Inahesabiwa ikishakufikia au ikishakuwa tayari kwako uichukue.

Angalizo hapa. Msimamizi akikutumia kidogo kidogo, elfu mbili leo elfu tano mwezi ujao, kila kipande kinahesabiwa siku kilipoingia. Na kuna hela ambazo hazipiti kabisa kwenye mirathi: bima ya maisha iliyoandikwa jina lako, malipo ya kifo kutoka kwenye pensheni ya kazini, au akaunti ya pamoja mliyokuwa nayo na marehemu ambayo mara nyingi inakuwa yako palepale. Hizo zinaweza kuingia wiki chache tu baada ya msiba wakati wewe bado unasubiri "urithi".

Na usimwombe msimamizi aikalie hela yako makusudi ili UC isiguswe. Kila kitu alichofanya kina tarehe, na tarehe hazidanganyi.

Je kama msimamizi ni wewe mwenyewe? Hii inatokea sana, mtoto mkubwa ndo anabebeshwa kila kitu. Hela ya mirathi unayoishika kwa niaba ya wenzio si yako na haipaswi kuhesabiwa kama akiba yako, lakini ikiingia kwenye akaunti yako ileile ya mshahara na UC ukaichanganya na ya chakula, kuja kuthibitisha ipi ya nani ni kazi pevu. Fungua akaunti ya mirathi tofauti, mapema, kabla hata pauni moja haijaingia.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Kwa UC urithi si mapato, ni akiba, kwa hiyo hawaukati kama mshahara. Unajumlishwa na kila ulichonacho, yaani benki, ISA (akaunti ya akiba isiyokatwa kodi), hisa, hata hela taslimu iliyo chini ya godoro. Halafu:

Pauni 6,000 kushuka chini, hakuna kinachobadilika.

Zaidi ya 6,000 hadi 16,000, kila 250 ya juu ya 6,000, au kipande cha 250, inakukata pauni 4.35 kwa mwezi.

Ikizidi 16,000, UC inaisha.

Tuseme ulikuwa na 500 benki, umerithi 10,000. Una 10,500. Toa 6,000 unabaki na 4,500, gawa kwa 250 unapata 18, zidisha kwa 4.35, jibu ni pauni 78.30 kwa mwezi. Si mwisho wa dunia, na wengi nikiwaonyesha hii hesabu wanashusha pumzi manake walidhani wanapoteza vyote. Ukiwa na 16,000 kamili unakatwa pauni 174. Ukiwa na 16,001 unapata sifuri, hata kama UC yako ni kubwa ina kodi ya nyumba na watoto ndani. Hiyo pauni moja ni korongo.

Mkiwa wawili kwenye dai moja hela zenu zinajumlishwa na kiwango hakiongezeki, ni 16,000 hiyohiyo kwa wote. Hela ya mtoto ni ya mtoto, bibi akimwachia mjukuu wake kwa jina lake haihesabiwi kwenye UC yako, ila usiichote ukaitumia kama yako.

Pension Credit ina roho nzuri kidogo. Pauni 10,000 za kwanza haziangaliwi, juu ya hapo kila 500 au kipande chake inahesabiwa kama una pauni 1 ya mapato kwa wiki, na hakuna kikomo cha juu. Mzee mwenye 22,000 anahesabiwa pauni 24 kwa wiki. Anayepokea kidogo tu anaweza kuipoteza yote, na hapo ndo penye mtego, manake akipoteza ile sehemu ya Pension Credit inayoitwa Guarantee Credit basi Housing Benefit yake inaanza kuangalia ile 16,000.

Kama aliyefariki ni mume au mke wako na umelipwa Bereavement Support Payment, lile fungu la kwanza kubwa haliguswi kwenye UC kwa miezi 12. Liweke mahali pake peke yake usilichanganye na urithi.

Hatua ya 4: Waambie, kwa maandishi

Siku hela inaingia, ingia kwenye akaunti yako ya UC, ripoti mabadiliko kwenye sehemu ya akiba, halafu andika ujumbe kwenye jarida lako (journal) humohumo: kiasi gani, kimeingia tarehe gani, kimetoka kwa nani. Piga skrinshoti. Usitegemee kumwambia kochi wako wa kazi kwa mdomo mkiwa kwenye apointimenti, akihamishwa wiki ijayo maneno yako yameondoka naye. Wa Housing Benefit na punguzo la kodi ya kaunsili waandikie kaunsili kivyake. DWP na kaunsili ni watu wawili tofauti, usidhani wanaambiana.

Mi huwa nawashauri watu waandike hata kabla, mstari mmoja tu, "ndugu yangu amefariki, nimetajwa kwenye wosia, sijapokea kitu, nitawajulisha nikipokea". Haikugharimu chochote na siku wakija kuuliza una ushahidi kwamba hukuwa unajificha.

Jua pia kwamba UC inahesabu kwa mwezi wako wa tathmini, yaani kipindi cha mwezi mmoja wanachotumia kupiga hesabu ya malipo yako. Hela ikiingia siku ya mwisho ya huo mwezi inabadilisha malipo ya mwezi mzima, sio ya siku moja. Kwa hiyo ukiona malipo yamekuja pungufu kuliko ulivyotarajia hujaibiwa.

Na kukaa kimya? Benki zinaripoti riba yako kwa HMRC (mamlaka ya kodi), DWP wanapata zile taarifa na wanalinganisha. Inaweza kuchukua mwaka, miwili, lakini barua inakuja, na wakati huo ushatumia hela yote na deni ni la miezi 20. UC iliyolipwa zaidi inadaiwa hata kama kosa ni lao wenyewe, sembuse lako. Kwa uzembe kuna faini ya pauni 50, kwa udanganyifu wa makusudi unaweza kufikishwa mahakamani.

Hatua ya 5: Kabla ya kutumia au kugawa, kaa chini

Hapa ndo penyewe. Kuna kanuni inasema ukijipunguzia hela ili upate benefiti au upate kubwa zaidi, watakuhesabu kama bado unayo. Kwa hiyo swali lao sio "umebaki na ngapi", swali lao ni "ilienda wapi na kwa nini".

Tuseme umeachiwa 30,000 wewe peke yako kwenye wosia, una wadogo wawili nyumbani, na kwa jinsi tulivyokuzwa huwezi kula peke yako, mama angekuangaliaje? Unawapa 10,000 kila mmoja unabaki na 10,000. Kwako ni utu. Kwa anayeamua faili lako, mtu alikuwa na 30,000 akazitoa zikashuka chini ya 16,000, na anaweza kukuhesabu una 30,000 hadi huko mbele. Utajieleza kwamba hukufanya kwa ajili ya benefiti, ni desturi ya ukoo, na kuna wanaoeleweka, ila mzigo wa kueleza ni wako na wengi hawana karatasi hata moja. Kama unajua kabisa lazima ugawe, pata ushauri kwanza Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure) au kituo cha sheria cha mtaani kwako, waonyeshe wosia, ndo ugawe. Si baada.

Tofauti ni pale ambapo kile ulichotoa hakikuwa chako tangu mwanzo. Kama wosia umesema mgawane watatu na hela yote imeingizwa kwako kwa sababu wengine hawana akaunti huku, theluthi mbili si zako, toa nakala ya wosia umemaliza.

Kuukataa urithi, au kusaini hati ya kubadilisha wosia ili fungu lako liende kwa mtoto wako, nako kunaweza kuchukuliwa kama umejinyima makusudi. Mawakili wengine wanaipendekeza hiyo hati kwa ajili ya kodi na wala hawajui mteja yuko UC. Mwambie.

Yanayoruhusiwa ni mengi kuliko watu wanavyofikiria. Kwenye UC kulipa madeni si kujinyima, na kununua vitu au huduma ambazo ni za kiasi kwa hali yako nako si kujinyima. Malimbikizo ya kodi ya nyumba, umeme, kadi za mkopo, friji iliyokufa, gari la kwendea kazini, godoro la mtoto, tiketi ya kwenda kumzika marehemu, fanya. Risiti zote kwenye bahasha moja. Neno "kiasi" ndo la kulitafakari: gari la 4,000 kwa mtu asiye na usafiri linaeleweka, la 14,000 wakati unalo zima mlangoni utaulizwa, na ukinunua mapambo ya dhahabu au vitu vya thamani ili tu hela iondoke benki, hela hiyo inaweza kuhesabiwa kama bado unayo.

Deni la ndugu ni deni kama ni deni kweli. Mjomba alikukopesha 3,000 ya ada mwaka ule, unamlipa sasa, sawa, ila uwe na kitu cha kuonyesha, meseji za WhatsApp za wakati ule, stetimenti inayoonyesha ilivyoingia, ujumbe wa M-Pesa. Deni linalozaliwa wiki urithi ulipofika, tena bila maandishi, hata mimi nisingeliamini.

Wakishakuhesabu hela ambayo huna, si milele. Ile hela ya kufikirika inapunguzwa kila mwezi, kwa aliyezidi 16,000 inapunguzwa kwa kiasi cha UC ambacho angekuwa anapata. Inachosha lakini ina mwisho.

Hatua ya 6: Kama ulichorithi ni nyumba au kiwanja

Nyumba unayoishi wewe mwenyewe haihesabiwi. Ya pili inahesabiwa: bei ya sokoni, toa asilimia 10 ya gharama za kuuza, toa mkopo uliobaki juu yake. Lakini kuna nafuu. Ukianza kuiuza kwa dhati haihesabiwi kwa miezi 6, na inaweza kuongezwa ikiwa uuzaji unachelewa kwa sababu za msingi, kwa hiyo weka barua za dalali na wakili. Ukikusudia kuhamia humo ndani miezi 6 vilevile. Ikiwa anaishi humo ndugu wa karibu, mfano mzazi au kaka au dada, aliyefika umri wa pensheni au asiyeweza kufanya kazi kwa ugonjwa, haihesabiwi kwa muda wote anaoishi. Ila hela taslimu uliyorithi "kwa ajili ya kununua nyumba" haina nafuu hiyo, ni akiba kama nyingine.

Mkiwa warithi kadhaa wanachukulia mna mafungu sawa mpaka uonyeshe vingine. Na thamani ya fungu la robo kwenye nyumba ambayo wenzio hawataki kuiuza si robo ya bei ya nyumba, nani atanunua robo ya nyumba yenye watu ndani? Dai tathmini ya fungu lenyewe.

Sasa kile kiwanja cha nyumbani. Ndiyo, shamba la Kenya au Tanzania au Kongo nalo ni mali na fomu haiulizi mali ya Uingereza tu. Inachukuliwa bei ya hukohuko kwa kufuata soko la huko, na kama nchi hiyo inazuia hela kutoka basi wanaangalia mtu wa huku angeinunua bei gani, ambayo mara nyingi ni kidogo. Shamba la ukoo ambalo halijagawanywa na hati bado iko kwa jina la babu, eleza hivyohivyo, toa barua ya wazee au ya wakili wa kule. Usiache kulitaja kwa kudhani hawatajua, mambo ya mashamba yana kesi na kesi zina mashahidi, na ndugu akikasirika anajua kupiga simu.

Hatua ya 7: UC ikifungwa

Hela ikishuka chini ya 16,000 UC hairudi yenyewe, unadai upya, na kurudishiwa nyuma ni shida, kwa hiyo weka tarehe kichwani. Ikiwa imefungwa muda mrefu utakaa zile wiki 5 za kusubiri tena. Kama ulihamishwa kutoka benefiti za zamani ukapewa nyongeza ya mpito (ya kukufidia usishuke ghafla), ujue inaweza kupotea dai likifungwa kwa sababu hii. Na yanayoning'inia kwenye UC yanaanguka nayo: chakula cha bure shuleni, dawa, punguzo la kaunsili, Scottish Child Payment kwa wa huko. Yajumlishe yote hayo kabla hujaamua 17,000 ni utajiri. Kikokotoo cha Turn2us kinakusaidia kuona picha nzima bure.

Muda unaishi kwa hiyo hela ishi kawaida, usibane kama uko jangwani wala usitapanye, na kila mwezi hifadhi stetimenti. Ukirudi kudai wataomba kuona ilivyoshuka.

Uamuzi ukikuumiza una mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba waupitie upya, wakikataa una mwezi mwingine wa kwenda kwa majaji wa rufaa, ambao hawako chini ya DWP. Nenda. Bahasha ya risiti uliyoianza hatua ya 5 ndo ya kubeba siku hiyo.

Na kama huyo anayetaka kukurithisha bado yuko hai na mnaongea, mwambie ukweli kwamba uko kwenye benefiti. Anaweza kumwomba wakili aandike wosia ambao fungu lako linashikwa na wadhamini wenye hiari ya kukupa au kutokupa, badala ya kukuangukia lote mkononi, na hela iliyokaa huko kwa kawaida haihesabiwi kuwa yako, kinachohesabiwa ni kile wanachokutolea. Kwa mtoto mwenye ulemavu ni karibu lazima. Gharama za wakili zipo, na wosia wa kujaza mwenyewe wa dukani hautoshi kwa kitu kama hiki. Ila lazima afanye akiwa na akili timamu na kalamu mkononi, akishaondoka wewe ukijaribu kuitengeneza hiyo dhamana kwa urithi wako mwenyewe utakuwa umerudi kulekule hatua ya 5.